Nimekubaliwa Chuo, Kaka Kisilu

Kayole,
Nairobi.
Jumapili, 26 Mei 1996.

Mpendwa Kaka Kisilu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, wifi Annah na Koki mdogo. Hamjambo huko Gaborone? Kifua chako kinaendeleaje? Nakumbuka kila ikikaribia Juni kilikuwa kinakusumbua hata hapa Nairobi, na walimu waliorudi kutoka huko wanasema baridi yenu ni kavu, inapasua midomo. Tafadhali vaa lile sweta zito hata kama wanafunzi watakucheka. Na Koki, nikihesabu vizuri, anaingia miaka mitano. Anasema lugha gani sasa? Natumaini anajua hata neno moja la kwetu.

Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Huku mvua ya masika imeisha mapema. Maji ya mfereji yanakuja Jumatano na Jumamosi tu, lakini hilo tumelizoea.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu kwenye bahasha. Barua zako zote tatu nilizipata. Ya kwanza niliisoma mara moja nikaiweka chini ya godoro. Mbili zilizofuata nilizisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kama mtu anayesoma ilani ya mwenye nyumba, na sikujibu. Nilikuwa na hasira nawe, Kaka. Tulimzika mama tarehe kumi na tisa Agosti, na telegramu yako iliyosema hutaweza kufika ilisomwa na kasisi mbele ya watu wote. Wazee wa Mutomo waliguna tu. Ni mimi niliyeshika koleo la mchanga mahali pako. Miezi tisa imepita na sasa hasira hiyo siioni tena. Nitakueleza ilivyoondoka, lakini lazima nianze mbali kidogo.

Unajua mama alikuwa anakuja kukaa nami kila ukame ukizidi nyumbani. Alikuwa analalamikia ngazi, analalamikia redio za majirani, analalamikia maziwa ya pakiti, na chumba kilikuwa kimejaa. Tangu afariki sijasema Kikamba ndani ya nyumba hii. Siku moja niliungua kidole kwa sufuria, nikasema "Ai, mwaitu!" kwa sauti, kama namwita mama mwenyewe, halafu nikasimama pale nikisikiliza. Nikipika muthokoi Jumapili nakula mpaka Alhamisi. Rispa wa mlango wa pili, yule karani wa Halmashauri ya Jiji niliyekusimulia zamani, aliolewa akahamia Umoja mwezi wa Machi. Waliokuja mahali pake tunasalimiana kwenye ngazi tu.

Basi mwezi wa Oktoba nilianza kuomba nafasi ya shahada ya uzamili ng'ambo. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na mpango mkubwa. Nilikuwa nakwenda maktaba mjini kila Ijumaa baada ya shule kwa sababu kule kulikuwa na watu na viti, na hakuna anayekuuliza kwa nini umekaa peke yako. Huko nikaona vitabu vya vyuo, na katika kimoja nikaona somo linaloitwa elimu ya kimataifa. Nikasoma ukurasa huo mpaka maktaba ikafungwa. Niliandikia vyuo vitatu, kimoja Kanada na viwili Uingereza. Fomu zilikuja kabla ya Krismasi, nzito kama majarida.

Walitaka nakala za vyeti, matokeo ya chuo kikuu, insha ya kueleza kwa nini unataka somo hilo, na barua za watu wawili wanaokujua kwa kazi. Vyeti nilikuwa navyo. Mhadhiri wangu wa zamani, Daktari Gordon, alinikumbuka, akaandika bila taabu. Shida ilikuwa Mwalimu Mkuu wetu.

Nilimpelekea fomu mwanzo wa Januari. Akaisoma, akavua miwani.

"Madamu Nzilani," akasema, "tangu mwaka wa tisini na mbili nimepoteza walimu wanne. Kaka yako alikuwa wa kwanza. Mimi mwenyewe nilimwandikia barua nzuri kwenda Botswana. Aliniambia ni miaka miwili."

Nikamwambia mimi si Kisilu.

"Nikiandika ukweli utaenda," akasema. "Nikiandika uongo nitakuwa nimetenda dhambi. Kwa hivyo acha nisiandike."

Sikuweza kumchukia. Unaijua ile shule. Nina vipindi thelathini na mbili kwa wiki, Jiografia na Kiswahili, na darasa la Kidato cha Pili lina wanafunzi sitini na mmoja. Lakini siku ile nilitoka ofisini nikiwa nakukasirikia wewe, si yeye. Nikasema moyoni, huyu alienda akachukua na mlango wangu.

Sasa nikueleze habari ya Bwana Kahin, maana bila yeye nisingekuwa na barua ya kukuandikia.

Tangu mwaka juzi nafundisha kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi mmoja karibu na Majengo. Ni watoto wa wakimbizi, wengi Wasomali, wachache Wahabeshi na Wasudani, ambao hawajapata nafasi katika shule. Nilianza kwa sababu kanisa liliomba mtu, nikaendelea kwa sababu Jumamosi ni ndefu. Bwana Kahin ndiye anayewafundisha hesabu. Alikuwa mwalimu Kismayu miaka ishirini na miwili, na alikuwa na digrii. Nasema "alikuwa" kwa sababu ndivyo anavyosema yeye. Nyumba ilipochomwa vyeti viliungua, na chuo kilichompa hakina tena hata paa. Hapa Nairobi anaishi kwa kuandikia watu barua na kujumlishia wafanyabiashara vitabu vyao.

Siku ya kwanza kabisa nilikuja na mtihani. Nilitaka kujua watoto wanajua nini, nikawauliza mito ya Kenya, milima ya Kenya, majirani wa Kenya. Msichana mmoja, kama miaka kumi na miwili, alinirudishia karatasi nyeupe. Nikamwambia Bwana Kahin huyu aanzie darasa la pili.

Hakubishana. Alisema tu kwa upole, "Mwalimu, huyo alikuwa wa kwanza katika darasa la sita. Muulize mto wake."

Nikamuuliza. Mtoto akachukua chaki akaenda ubaoni akachora Mto Juba kutoka mlimani Uhabeshi mpaka baharini, na miji yake, na mahali mamba walipo, na mahali ambapo daraja lilivunjwa. Alichora mpaka ubao ukaisha akaendelea ukutani. Mimi nimefundisha Jiografia miaka kumi na moja, Kaka, na nilikuwa nimemrudisha mtoto yule darasa la pili. Nilijifunza siku ile kuuliza kwanza.

Mwezi wa Januari Bwana Kahin aliniona na zile fomu, akaomba azisome. Alisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea juu ya karatasi. Alipofika pale wanapotaka nakala za vyeti alicheka kidogo.

"Mimi nikijaza hii," akasema, "watapata jina langu tu. Hata hilo wataomba lithibitishwe."

Niliona aibu. Nilitaka kuzirudisha mkobani lakini alizishikilia. Akaomba insha yangu. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu za maneno makubwa: maendeleo, ushirikiano wa mataifa, changamoto za karne ijayo. Rispa alikuwa amenichapia vizuri sana kabla ya kuhama. Bwana Kahin akasoma zote akazikunja.

"Hii ni nzuri," akasema. "Waziri anaweza kuisoma bungeni. Wewe uko wapi humu?"

Nikaandika upya. Niliandika juu ya Mto Juba, na jinsi nilivyokosea. Ukurasa mmoja na nusu. Sikuwahi kuandika kitu kilichonitia hofu namna ile.

Siku ya mwisho ya kupokea maombi ilipokaribia bado sikuwa na barua ya pili. Bwana Kahin ndiye aliyesema ataiandika. Nikamwambia ukweli, kwamba wanataka mtu mwenye cheo, karatasi yenye jina la ofisi, na muhuri. Akajibu, "Waulize kama wanataka muhuri au wanataka kujua." Basi akaandika kwa mkono, nakala tatu, kwenye karatasi za daftari la mistari, akazifunga kila moja katika bahasha yake kabla sijaona hata neno. Mimi nikaambatanisha maelezo kwamba mwandishi ni mwalimu mkimbizi asiye na vyeti, na kwamba ndiye mtu anayeijua kazi yangu kuliko wote.

Chuo cha Kanada kilijibu Machi kwamba maombi yangu hayakukamilika. Kimoja cha Uingereza kikasema hivyo hivyo Aprili, kwa maneno karibu yale yale. Na katikati ya barua hizo mbili Bwana Kahin aliondoka. Jina lake lilitokea kwenye orodha ya kupelekwa Norwei, akapewa siku tano. Jumamosi yake ya mwisho alifundisha kama kawaida, sehemu na desimali, akafuta ubao mwenyewe. Mlangoni aliniambia, "Wakikukubali, uende. Usiwaulize watu." Nikamwambia huenda wasinikubali. Akasema, "Basi uombe tena, lakini insha usiibadilishe." Tukapeana mikono. Wiki iliyofuata nilifundisha mimi hesabu, na watoto walikuwa wananitazama kwa huruma.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Jumanne tarehe kumi na nne mwezi huu, Caleb, karani wetu wa shule, aliniletea bahasha katika chumba cha walimu. Muhuri wa Uingereza. Sikutaka kuifungua mbele ya watu. Nilikwenda kile chumba cha ramani, unakikumbuka, ulikokuwa unajificha kuvuta sigara, nikaketi juu ya tufe lililovunjika.

Nimekubaliwa, Kaka. Shahada ya uzamili ya elimu ya kimataifa, mwaka mmoja, kuanzia Septemba, na masomo yote na malazi watalipa wao. Na chini ya barua ile iliyochapwa kulikuwa na maneno ya kalamu kutoka kwa mwalimu mmoja wa kike wa chuo. Alisema wanapokea barua nyingi za sifa na nyingi zinafanana, lakini moja ya zangu ilisomwa kwa sauti katika kikao chao. Akanakili mstari mmoja: "Mwanamke huyu huwauliza watoto walichokuja nacho kabla hajawapa cha kwake, katika miaka yangu yote ya kufundisha sikulijua hilo, nimelijifunza kwake nikiwa mkimbizi."

Nililia mle chumbani mpaka kengele ikalia. Yeye ndiye aliyenifundisha, halafu ameandika kwamba ni mimi niliyemfundisha. Na siwezi kumwambia. Nimeipelekea barua ofisi iliyomsafirisha, wakasema wataituma wakipata anwani yake.

Halafu nikakumbwa na jambo ambalo sikulitarajia. Nilikuwa na habari njema na sikuwa na mtu wa kumpa. Mwalimu Mkuu nisingeweza kumwambia siku ile. Walimu wengine wangemwambia. Baada ya shule nilikwenda Majengo. Ilikuwa Jumanne, ukumbi umefungwa. Nikaanza tu kutembea. Wanafunzi wetu wawili waliokuwa wanauza kandambili njiani waliniita mwalimu kwa Sheng yao, "Sasa, odijo!" nikawapungia mkono nikapita. Ningewaambia nini? Nilitembea na barua ile mkobani kama mtu aliyebeba chakula cha moto asiyejua mlango wa kugonga.

Nikafika Kariokor. Pale kwenye watengenezaji wa akala nilisikia mzee akimgombeza mwenzake kwa Kikamba, Kikamba cha kwetu kabisa, cha Mutomo. Nikasimama. Mzee akadhani nataka viatu, akaanza kuupima mguu wangu kwa macho. Anaitwa Mzee Matheka. Nikamsalimu kwa lugha yetu, na kabla sijajua nafanya nini nikamwambia nimekubaliwa chuo Uingereza.

Akaacha kisu. "Chuo cha kusomea nini, mwanangu?"

"Elimu ya kimataifa."

"Hiyo ni elimu gani? Huko mbili na mbili si nne?"

Nikacheka, Kaka. Kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Nikajaribu kumweleza: watoto wanaotoka nchi moja wakasomea nyingine, jinsi ya kuwafundisha. Akatikisa kichwa polepole, akasema wajukuu wake waliozaliwa Kayole wakienda Mutomo nao ni kama wametoka nchi nyingine, kwa hivyo nikirudi nianze na hao. Kisha akasema akala hazitanifaa huko kwa sababu kuna theluji, asinidanganye. Halafu akauliza, "Na mama yako, amefurahi?"

Nikajibu, "Amefurahi sana."

Sijui kwa nini. Maneno yalitoka yenyewe. Mzee akasema, "Lazima," akachukua kisu akaendelea na kazi. Nami nikasimama pale kando ya matairi, na kwa muda kidogo ilikuwa kweli. Mama alikuwa Mutomo, amepata habari, amefurahi, anawasimulia wanawake kisimani huku akijifanya analalamika.

Nilirudi nyumbani nikatoa barua zako chini ya godoro nikazisoma tena, safari hii nimeketi. Ile ya kwanza inasema kwamba siku ya mazishi ulikwenda kazini kwa sababu hukujua la kufanya, ukafundisha vipindi vyote sita, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyejua umefiwa mpaka saa kumi jioni ulipokaa chini uwanjani ukashindwa kuinuka. Nilikuwa nimeisoma Septemba na sikuielewa. Nilidhani unajitetea. Sasa naielewa. Wewe ulikuwa na kifo cha kumwambia mtu, mimi nilikuwa na furaha, lakini sote tulitembea siku nzima na kitu mkononi. Nisamehe, Kaka. Nilidhani upweke umebaki huku kwangu tu.

Mwalimu Mkuu nilimwambia Ijumaa iliyofuata. Akaniuliza kama nitarudi. Nikamjibu kwamba nitarudi, na kwamba sitamlaumu asiponiamini. Akasema atanipigania likizo ya masomo kwa Tume ya Walimu ili nafasi yangu isipotee, na kwamba sasa hiyo barua ataiandika, maana haiwezi tena kunichukua kwake. Tulicheka wote wawili, kidogo. Ule ukumbi wa Majengo bado sijapata wa kumwachia kazi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wamekuja watoto wapya saba. Juzi nilimuuliza mmoja mto wake, akasema kwao hakuna mto, kuna kisima, akanichorea kisima.

Nyumbani Mutomo, Kimanzi mwana wa ami yetu amekubali kutazama shamba, na tumejengea kaburi la mama ukingo wa mawe ili ng'ombe wasipite. Nitakwenda Agosti kumuaga. Ukiweza kuja siku hizo, uje. Ukishindwa, sitasema neno, na safari hii sitanyamaza pia.

Jana nilikaa na fomu ya mwisho ya chuo, ile ya kukubali nafasi. Ilikuwa rahisi: jina, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya pasipoti, hapo nikaandika kwamba bado naisubiri. Halafu kuna mstari unaouliza mtu wa karibu wa kuarifiwa nikipatwa na jambo. Niliruka mstari huo nikajaza kurasa zote nyingine, nikarudi. Miaka yote nilikuwa naandika jina la mama, Koki wa Musyoka, Mutomo, Kitui. Nilishika kalamu muda mrefu. Nikaandika Kisilu Musyoka, Gaborone. Pale wanapouliza uhusiano nikaandika: kaka. Sikukuomba ruhusa. Bahasha imeshafungwa, kesho asubuhi naipeleka posta pamoja na hii yako.

Msalimie sana wifi Annah, mwambie ile picha ya harusi ndiyo iliyo ukutani kwangu. Mbusu Koki mdogo, mwambie ana shangazi Nairobi anayetaka kujua mto wa kwao unaitwaje. Kimanzi na watu wote wa Mutomo wanakusalimu. Mungu aliyeulinda usingizi wako katika nchi ya watu miaka hii yote azidi kukulinda, na anionyeshe na mimi jinsi ulivyoweza.

Dada yako anayekupenda, hata miezi ile alipokuwa kimya,

Nzilani